Rudi Ukitaka Mtoto

Wanawake wengi waliogundulika kuwa na PCOS, yaani sindromu ya ovari zenye vivimbe vingi, wameambiwa maneno yaleyale wakati wanainuka kutoka mbele ya daktari: "Kwa sasa usijali sana. Ukiwa tayari kutafuta mtoto, rudi." Nami niliambiwa hivyo, katika hospitali moja ya Dar es Salaam, nikiwa sijaolewa wala sina mchumba. Yalisemwa kwa upole, na aliyeyasema alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Lakini maneno hayo yanafanya mambo mawili kwa mpigo. Yanampa msichana hofu ya jambo ambalo hajalijaribu, na papo hapo yanamweleza kwamba mwili wake hauna haraka yoyote hadi siku atakapotakiwa kuzaa.

Nimeyatafakari kwa miaka, na nimefikia hapa: sisi wenye hali hii tunaubeba wasiwasi wa uzazi mzito kuliko unavyostahili, na afya yetu tunaichukulia kwa wepesi isiostahili. Makosa yote mawili yametokana na mazoea mamoja, ya kumtazama mwanamke kuanzia kwenye mji wa mimba na kuishia hapohapo.

Mazoea hayo ni ya zamani, na vitabu vya tiba vimeyarithi. Mwaka 1721 tabibu wa Italia, Antonio Vallisneri, aliandika habari za wanawake vijana wa shamba, wameolewa, wanene kiasi, hawazai, ambao ovari zao zilikuwa kubwa, zenye vinundu vyeupe vya kung'aa, mfano wa mayai ya njiwa. Mwaka 1935 Irving Stein na Michael Leventhal, madaktari wa Chicago, walichapisha taarifa ya wanawake saba waliokosa hedhi na waliokuwa na ovari za namna hiyo. Walipozipasua na kuondoa kipande, hedhi zilirudi na baadhi ya wanawake hao wakashika mimba. Kwa muda mrefu hali hii iliitwa kwa majina ya madaktari hao wawili. Tazama basi ni kitu gani kilichowaingiza wanawake hawa kitabuni: hedhi iliyopotea na mtoto asiyepatikana. Hadi miaka ya 1980 ndipo watafiti walipoanza kuelewa kwamba insulini, homoni inayoshughulika na sukari ya mwili mzima, imo katikati ya jambo hili. Karibu nusu karne watu walizitazama ovari bila kumtazama mwenye ovari.

Jina lililobaki nalo linatisha bure. Anayeambiwa kwamba ovari zake zina vivimbe vingi huwaza kisu, au saratani. Vile vidoa vyeusi alivyoonyeshwa kwenye picha ya ultrasaundi si uvimbe. Ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikasimama njiani. Katika mwezi wa kawaida vifuko kadhaa huanza safari pamoja, kimoja kikawatangulia wenzake, kikapevuka na kuachia yai, vingine vikanywea. Kwenye PCOS ishara za homoni kutoka kwenye ubongo hazina mpangilio, insulini inazidi kwenye damu kwa sababu mwili hauiitikii vizuri, na ziada hiyo huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Matokeo yake hakuna kifuko kinachotangulia. Ni kituo cha daladala Mbagala saa kumi na mbili asubuhi: abiria wamejaa, kila mmoja ameng'ang'ania mlango, na kwa kusukumana kwao hakuna anayeingia. Anayeliona gari likiondoka tupu atasema hapa hakuna wasafiri. Kumbe wamejaa tele.

Msichana angeambiwa hili kwanza, kabla ya kuambiwa arudi. Mayai yapo. Mara nyingi ni mengi kuliko ya wenzake wa umri wake, na wengi wenye PCOS huona mzunguko wao unatulia kadiri wanavyosogelea miaka 40, wakati ambao wa wenzao unaanza kuyumba. Taabu yetu ni yai linalochelewa na lisilotoa taarifa, na kuchelewa hakujawa kukosa. Huko Sweden, ambako kumbukumbu za afya na za vizazi hutunzwa kwa umakini, watafiti waliwafuatilia wanawake maelfu kwa maelfu na kukuta kwamba wenye PCOS walichukua muda mrefu zaidi kumpata mtoto wa kwanza, lakini mwishowe sehemu ya waliozaa ilikaribiana na ya wanawake wengine.

Wala hatuko wachache. Tangu mkutano wa Rotterdam wa mwaka 2003, daktari anatafuta mambo mawili kati ya matatu: yai lisilotoka kwa mpangilio, homoni za kiume zilizozidi, ambazo hujionyesha kwa nywele za kidevuni, chunusi sugu au kipimo cha damu, na ovari zenye vifuko vingi. Kwa vigezo hivyo takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa anayo hali hii, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye nayo hawajui. Ukiingia ukumbi wa kicheni pati wenye wanawake mia moja, kumi hivi wanayo, na huenda bibi harusi anayefundwa pale mbele ni mmoja wao.

Kujua hivi hakumalizi kungoja, na kungoja kwa mwenye PCOS kuna ukatili wake wa pekee. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 anayetafuta mtoto hungoja kwa kalenda. Siku ikifika anajua kama imekuwa au haikuwa. Akilia, analia leo, kesho anaanza upya. Sisi siku hiyo hatuna. Kuchelewa, ambako kwa mwingine ni habari, kwetu ni kawaida. Mwezi unapita, wa pili unaingia, na ingawa akili inasema hii ndiyo tabia ya mwili huu, moyo unaanza kunong'ona. Matiti yamejaa kidogo. Harufu ya samaki asubuhi imekuchefua. Unakwenda kununua kipimo cha mkojo, tena unaliruka duka la dawa la karibu, maana muuzaji anafahamiana na mama mkwe. Mstari mmoja. Unakipeleka dirishani kwenye mwanga, unakigeuzageuza, labda wa pili ni hafifu. Ni mmoja.

Vyombo navyo havisaidii. Programu ya simu inayokuhesabia siku za hatari ilitengenezwa kwa mwili unaofuata kalenda, kwa hiyo inakutabiria yai ambalo halina habari na utabiri huo. Vile vijiti vya kupimia siku ya yai hupima homoni ya LH, ambayo kwa wengi wetu iko juu muda mwingi, na vinaweza kukwambia leo ndiyo leo wakati yai halijatoka wala haliko njiani. Hata vidonge vya projesteroni vya kuleta hedhi vina dalili zinazofanana na za mimba: matiti kuuma, kichefuchefu, usingizi wa mchana. Mwanamke anadanganywa na simu, na kijiti, na kidonge, halafu anajilaumu yeye kwa wepesi wa kutumaini.

Kwa niliyoyaona, kinachopunguza makali ya kungoja huku ni tarehe. Tukiambiwa tuwe na subira bila kuambiwa hadi lini, tunakuwa tumeachwa tu. Daktari anayefaa hukuwekea mipaka: hedhi isipokuja hadi siku fulani, pima mimba, kama haipo, meza vidonge vya kuileta, dawa ya kupevusha yai tutaijaribu kwa mizunguko kadhaa, ikishindikana tunabadili njia. Ukishajua lini utahangaika, siku nyingine zinakuwa zako, unaweza kufanya kazi, kucheka na kulala. Na si lazima ungoje mwaka mzima ndipo uonekane una shida. Ile miezi 12 ya kukutana bila kinga ambayo Shirika la Afya Duniani hutumia kueleza ugumba inawafaa wale ambao yai lao linatoka kila mwezi. Mwenye kuona siku zake mara tatu kwa mwaka hana sababu ya kupoteza mwaka akithibitisha jambo analolijua.

Mtaani hakuna mipaka kama hiyo. Huko wasiwasi unakuja na sauti za watu. Wifi anauliza, "Vipi, bado?" huku macho yako tumboni kwako. Kwenye arobaini ya mtoto wa jirani unapakatishwa mtoto "upate baraka," na ukumbi mzima unakutazama unavyompakata. Shangazi anakuombea kwa sauti mbele ya wageni. Na kuna lile la majina. Mwanamke aliyezaa mtaani kwetu huvuliwa jina lake na kuvishwa heshima: ni Mama Neema, ni Mama Juma. Asiye na mtoto anabaki na jina alilopewa na wazazi wake, au anakuwa dada, au aunti, hata nywele zikiwa nyeupe. Waswahili wamesema asiye na mwana aeleke jiwe, na shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni kujituma na ulichonacho. Mwenye mgongo mtupu haisikii hivyo. Yeye anasikia kwamba mgongo wa mwanamke lazima ubebe kitu.

Wanaouliza si watu wabaya. Katika nchi ambayo pensheni ni ya wachache, mtoto ndiye uzee wa mzazi wake, ndiye atakayemzika na kulibeba jina. Wazee walijua pia kwamba kuna wanawake wasiojaliwa, wakaweka njia. Wakurya wa Mara wana nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, humlipia mahari mwanamke mwingine ili azae kwa jina la nyumba yake. Ni busara ya aina yake, na imewafaa wengi. Lakini hata humo kinachookolewa ni nyumba. Kama huyo mwanamke analala usingizi, kama kiu haimuishi, kama ana sukari, hayo hayakuwa swali la ukoo.

Bibi zetu nao watasema ni chango la uzazi, na watachemsha mizizi. Nimewahi kuwacheka, siku hizi siwacheki sana. Bibi akikukalisha mkekani anakuuliza unakula nini, unalalaje, tumbo linauma upande gani, mumeo anakuhudumia vipi. Anaanza na mtu mzima kabla hajafika kwenye kizazi, na hilo hospitali nyingi zimeshindwa. Ninachokiogopa ni biashara iliyovaa kanga ya bibi: unga wa kusafisha kizazi, vidonge vya kupachika ukeni, maji ya kuzibua mirija, vyote kwa namba ya simu na ushuhuda wa mtu asiyejulikana. Vitu vinavyowekwa ukeni vinaweza kuchubua na kuleta maambukizi, na maambukizi yakipanda juu yanaweza kuziba mirija. Barani Afrika kuziba kwa mirija kutokana na maambukizi ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya ugumba. Hivyo mwanamke aliyekwenda akiwa na yai linalochelewa, tatizo lenye dawa, anaweza kurudi na njia iliyofungwa kabisa.

Wengine hupata nguvu kanisani na msikitini, na ni haki yao. Tunasimuliwa dua ya siri ya Nabii Zakariya akiwa mzee mwenye mvi, na tunasimuliwa machozi ya Hana kule Shilo. Wahubiri wengi hukimbilia kuzaliwa kwa Samweli na wanaacha jambo lililo katikati. Hana aliinuka pale, akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena, kabla hajashika mimba, kabla hata hajarudi nyumbani. Alipona kwanza. Na mumewe Elkana alikuwa amempenda tangu zamani, akimpa fungu lake mezani, akimuuliza kama yeye mwenyewe hamtoshi. Ningependa siku moja nisikie hotuba juu ya chakula kile, iishie hapo bila kumfikia Samweli.

Na kina Elkana wa leo wana wajibu mwingine. Mwanamke mwenye PCOS huwa mwepesi kubeba lawama yote kwa sababu ana karatasi ya hospitali yenye jina la ugonjwa wake, na mume hana karatasi. Ila karatasi ya mke si ushahidi kwamba mume ni mzima. Katika karibu nusu ya ndoa zinazotafuta mtoto bila mafanikio, upande wa mwanamume una mchango wake, peke yake au pamoja na wa mke. Kipimo cha mbegu hakina sindano wala kisu, na kinapaswa kufanyika kabla mke hajaanza kumeza dawa za kupevusha mayai. Mwanamume anayekaa nje kwenye gari wakati mkewe anapimwa kila kitu anaipoteza miezi ya wote wawili.

Njia za matibabu zinajulikana, na nyingi si za kitajiri. Mwenye uzito uliozidi akipunguza hata asilimia 5 hadi 10, kwa baadhi yai hurudi lenyewe. Hapa napo tunasutwa na mila: tunaponenepa baada ya harusi tunasifiwa kwamba tumetunzwa, na tukiacha chapati na soda tunaulizwa kama kuna ugomvi nyumbani. Wapo pia wembamba wenye PCOS, ambao hakuna anayewaamini. Baada ya chakula na mazoezi, dawa inayopendekezwa kwanza siku hizi kwa ajili ya kupevusha yai ni letrozoli, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, wanawake 750 wenye PCOS waligawanywa kati yake na klomifeni, dawa ya zamani. Waliozaa kwa letrozoli walikuwa asilimia 27.5, na kwa klomifeni asilimia 19.1. Metformini, dawa ya kisukari ambayo asili yake ni mmea wa Ulaya, huwasaidia baadhi, peke yake au pamoja na hizo. Zikishindwa kuna sindano za homoni, kuna upasuaji mdogo wa ovari, na mwisho kuna kutungisha mimba maabara, njia iliyomleta Louise Brown, mtoto wake wa kwanza duniani, nchini Uingereza mwaka 1978 na ambayo Kenya ilipata watoto wake wa kwanza mwaka 2006. Klomifeni nayo kuna wanaoimeza bila daktari wakitafuta mapacha. Hiyo ni kucheza na ovari ambazo hakuna anayeziangalia.

Zitazame tena zile asilimia 27.5. Ni ushindi kwa dawa, na ni kusema pia kwamba wengi walimaliza mizunguko mitano ya utafiti ule bila mtoto. Sitamwahidi msomaji wangu mtoto. Watu wameahidiwa watoto vya kutosha. Ninachoweza kusema ni kwamba mwenye PCOS, ambaye mirija yake iko wazi na mbegu za mumewe zinafaa, amesimama mahali penye njia nyingi, na wengi hufika kwa mojawapo. Watakaokosa wapo. Wao wanastahili maisha kamili, na hatuna haki ya kuyaita maisha hayo chumba cha kusubiria. Kuna anayelea mtoto wa dada yake, na amelea kweli, maana Waswahili walishasema kuzaa si kazi, kazi kulea. Kuna asiyelea yeyote na bado jioni anakaa barazani kwake na nafsi yake imetulia.

Nirudi kwenye ile nusu nyingine ya kosa, ambayo haizungumzwi barazani. Hedhi isipokuja kwa miezi, ukuta wa mji wa mimba unaendelea kunenepa bila kumwagika, na miaka ikizidi hatari ya saratani ya ukuta huo inapanda. Ndiyo maana madaktari hutaka mwenye PCOS asipitishe zaidi ya miezi mitatu hivi bila kupata hedhi au kinga ya projesteroni. Hatari ya kisukari cha aina ya pili ni kubwa kuliko ya wengine, na inakuja mapema. Shinikizo la damu, mafuta kwenye damu, kukoroma kunakokatiza pumzi usingizini, sonona na wasiwasi uliopitiliza, vyote vinapaswa kuulizwa na kupimwa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unayataja haya yote, pamoja na afya ya akili. Hakuna hata moja linalohitaji mwanamke awe anatafuta mtoto. Mtawa mwenye PCOS anahitaji matibabu sawasawa na bibi harusi.

Hata mtoto akija, hali haiondoki naye. Mjamzito mwenye PCOS yuko karibu zaidi na kisukari cha mimba na kifafa cha mimba, hivyo anatakiwa kufuatiliwa tangu mwanzo. Nimeona familia zikisherehekea mimba kama mwisho wa ugonjwa, mgonjwa akaacha kliniki yake ya sukari kwa sababu kilichotakiwa kimepatikana.

Mkanganyiko mkubwa zaidi umo kwenye vidonge vya majira. Binti anakwenda hospitali na hofu ya kutozaa, anarudi na pakiti ya vidonge vya kuzuia mimba. Mama yake anapiga kelele kwamba vitamharibu kizazi. Kumbe vidonge hivyo hupunguza homoni za kiume, huleta hedhi ya kupangika na kuulinda ule ukuta. Haviharibu mayai, na akiviacha uwezo wake wa kuzaa unarudi pale ulipokuwa. Shida ni kwamba hurudi pale ulipokuwa kweli, hata kama palikuwa na PCOS. Mwanamke aliyevitumia miaka kwa ajili ya uzazi wa mpango bila kujua hali yake, siku anaviacha na hedhi haiji, kidonge kinabeba kosa la ovari. Uvumi huo utaendelea kutembea mtaani hadi watoa dawa wapate dakika tano za kueleza.

Ikiwa wewe unayesoma umepewa jina hili wiki hii, uliza maswali ya mwili wako kwanza: sukari yangu ikoje, shinikizo langu likoje, hedhi yangu tutailinda vipi, lini nipimwe tena. Swali la mtoto litakuwepo, na lina majibu mengi kuliko unavyodhani, ila lisubiri zamu yake. Mtafute mtu mmoja unayeweza kumwambia bila kuombewa hapohapo. Una ruhusa ya kutuma zawadi kwenye arobaini na wewe ukabaki nyumbani. Kama usingizi umepotea na kilio hakina sababu, hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa, lipeleke kwa daktari kama ungepeleka jino.

Na wazazi wenye mabinti: hedhi inaruhusiwa kuyumba katika mwaka wa kwanza tangu kuvunja ungo. Ikipita miaka mitatu na bado inakaa zaidi ya siku 35, au haifiki mara nane kwa mwaka, si utoto tena, na wala ndoa haitaitibu. Mpeleke binti apimwe, aambiwe ukweli wote, kwa faida yake mwenyewe. Na kwa kila mwanamke, aliyeolewa na asiyeolewa, anayetaka mtoto na asiyemtaka: siku 90 bila hedhi, na kipimo cha mkojo kinasema huna mimba, ni sababu tosha ya kwenda hospitali.